Yatima wa Kwenye Mfuko wa Simu

“Huyu wa ku photo ni nani?”

“Ni mi, papa.”

“Na bameandika ni yatima.”

“Ndiyo, papa.”

Yule mzee akakisogeza kile kikadi karibu na macho, akasoma tena, midomo inacheza. Kezimana alimtazama kama anavyotazama wateja wote, kwa adabu na haraka kidogo, maana soko la mji wa Baraka, kando ya ziwa, asubuhi halina mchezo.

Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya Wilfried, mchumba wake. Mezani kulikuwa na chaja, spika za masikioni, vioo vya kubandika kwenye simu, na katikati, mahali pa heshima, mifuko ya simu ya kitenge anayoishona yeye na wenzake katika kambi ya wakimbizi Warundi ya Lusenda. Kila mfuko una kikadi ndani, picha ya Kezimana akicheka, na chini yake maneno: “Nunua mufuko huu. Sehemu ya bei inalipa masomo ya yatima ba Lusenda. Kezimana naye ni yatima.” Halafu namba ya Wilfried. Kikadi hicho Wilfried alikitunga mwenyewe kwa mapenzi yake yote, na watu walinunua mifuko kuliko hata chaja.

Mzee alikohoa mara mbili. Kisha akaongea Kirundi, polepole.

“Mwana wanje, nilikufa mwaka gani?”

Weee. Kezimana akashika ukingo wa meza. Sauti hiyo alikuwa hajaisikia tangu akiwa mtoto. Uso ulikuwa umezeeka, ndevu zimeota mvi, nguo zinanuka ndakala, wale dagaa wa Kazimia, mwendo wa boti kutoka Baraka, lakini kile kikohozi kilikuwa cha mtu mmoja tu duniani. Bucumi. Baba yake.

“Papa, tafadhali, ondoka,” alimjibu kwa Kirundi, chini chini.

“Nani alisema nimekufa?”

“Mama. Siku tunakimbia kutoka kwetu, ulituambia unaenda kututafutia mahali pa kulala. Tulikungoja, papa. Kisha tukasikia uko Kazimia na mwanamke. Wewe ungesema nini kwa watu?”

Mzee akakigeuza kikadi kile mkononi.

Upande wa pili wa meza, Wilfried alikuwa ameinama anabandika kioo kwenye simu ya mteja. Kirundi hakijui, wala hakuinua kichwa.

“Chérie, papa anataka nini?”

Hapo ndipo angesema. Nafasi ilikuwa ile, na mimi ninayewasimulia ningempiga kikumbo kama ningekuwa karibu. Hakusema.

“Anauliza kama kuko rangi ingine.”

“Umuonyeshe ya bleu.”

Mzee alifuta macho, akachukua mfuko ule ule wa mwanzo, akalipa, akaenda zake. Chenji hakuichukua. Nadège, jirani anayeuza vocha meza ya pembeni, alimsindikiza kwa macho mpaka kona ya wauza mafuta.

Sasa sikieni kwa nini mtoto wa watu aliogopa hivyo. Wilfried yeye ni yatima wa kweli. Baba yake, mzee Raphaël, alizama ziwani. Siku ya kwanza alipomsimulia Kezimana habari hizo, alilia, akauliza, “Na wako?” Kezimana akajibu lile jibu ambalo mama yake Concilie amewajibu watu wote wa kambi: “Alikufa.” Neno moja. Mjane huhurumiwa, aliyeachwa huchekwa, na Concilie alikuwa amechagua kuhurumiwa. Lakini neno hilo moja ndilo lililomleta Wilfried karibu. Walilia pamoja. Na kila mwezi wa wafu, Wilfried hupeleka paroisse, kwa padri, majina mawili ya kuombewa misa, Raphaël na Bucumi.

Harusi yao ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile.

Mchana Wilfried alienda kutafuta mikate, simu yake akamwachia Kezimana. Ikabipu, ikanyamaza, ujumbe ukaingia.

“Mwambie Kezimana ule mzee wa mufuko iko ku port. Boti inarudi Kazimia kesho asubui. Anaomba kumuona.”

Kezimana akanakili namba, akafuta ujumbe. Akachukua simu yake mwenyewe, akaandika:

“Papa, ni Kezimana. Naolewa samedi. Muchumba wangu anajua ulikufa. Akijua nilimudanganya ataniacha. Nakuomba usirudi. Kama ulinipenda ata kidogo, ubaki mufu.”

Akatuma kabla huruma haijamwingia. Jibu likaingia.

“Nimesikia.”

Basi, hilo tu. Alimpigia mama yake.

“Mama, papa amekuja.”

Kule Lusenda mama alikuwa uani. Kuku walisikika, na mtu akitwanga.

“Papa gani?” Concilie akauliza.

“Mama.”

“Mimi mume wangu alifariki. Na wewe nyamaza mpaka ukitoka kanisani. Ukisha kuvaa pete, hata akifufuka ni shauri lake.”

“Mama, ameona photo. Amesoma.”

“Si anajua kusoma? Asome vizuri basi.” Concilie akakata.

Jioni, watu wakifunga meza zao, Nadège alimsogelea Wilfried. Nadège si mbaya, ila kitu kikimkaa mdomoni kinamwasha.

“Wil, ule mzee wa asubui ulimujua?”

“Mzee gani?”

“Mwenye alinunua mufuko na kuacha chenji. Alikuwa analia, we. Banaongea Kirundi na Kezi, na Kezi anatetemeka. Na banafanana, sikufiche. Paji la uso ile ile.”

Wilfried akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akamgeukia Kezimana aliyekuwa anapanga mifuko kwenye kartoni.

“Kezi, ni nani?”

“Mteja tu. Ni Murundi, tukasalimiana.”

“Na kulia?”

“Alisoma kikadi. Bantu banaliaka.”

Wilfried alitoa simu mfukoni. Kezimana alikuwa amefuta ujumbe, lakini ile namba iliyobipu ilibaki kwenye simu, hakuifikiria.

“Kuko namba moja ilibipu mchana. We ndiye ulikuwa na telefone.”

“Sijue, Wil. Labda mteja. Namba iko ku kila kikadi.”

“Acha nimuulize.”

“Ya nini? Turudie nyumba, giza linaingia.”

“Kezi, kama ni mteja, tatizo iko wapi?”

Akapiga, akaweka sauti ya nje, akailaza simu juu ya meza kati yao. Ikalia. Kezimana aliomba kimoyomoyo betri iishe, mtandao uanguke, chochote.

“Alo.”

“Alo, papa. Naitwa Wilfried, muuzaji wa mifuko ya telefone. Unisamehe kukusumbua. Ulipita kwangu asubui?”

“Nilipita.”

“Banasema ulimulilia muchumba wangu. Nakuuliza kwa heshima, papa. Munajuana?”

Kile kikohozi. Mara mbili.

“Hapana, kijana. Nilifananisha. Ni sura ya muntu nilimujua zamani.”

“We hauko ndugu yake?”

“Mi sina mutoto huku Baraka. Musigombane juu yangu.”

Wilfried akashusha pumzi. Akamshika Kezimana mkono, na kwenye uso wake kukaja aibu ya mtu aliyemshuku mwenzake bure.

“Unisamehe, chérie. Nilianza kukufikiria mubaya.” Kisha akaiinamia simu. “Aksanti, papa. Ni juu baba yake alikufa, ndiyo maana niliuliza. Tunamuombeaka misa kila mwaka, yeye na baba yangu.”

Mzee akakohoa tena.

“Munamuombea?” mzee aliuliza.

“Ndiyo. Bote wawili.”

Sauti ya mzee ikatoka imepasuka.

“Basi musiache kumuombea.”

Jamani. Kezimana alikuwa amepona. Uongo wake umewekewa sahihi na mwenyewe marehemu, mchumba anamwomba msamaha, Jumamosi iko pale pale. Kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kunyamaza mpaka mzee akate. Lakini hakuweza. Miaka yote alikuwa akimchukia mtu huyu kwa kukimbia, na leo yeye ndiye anamfukuza, na mzee anakubali bila hata kujitetea.

“Papa,” akaita.

Wilfried akamwangalia.

“Papa, usikate.”

Mzee alimwita kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayemwita mtoto arudi ndani.

“Kezimana.”

“Karame.”

Wilfried alikuwa analijua neno hilo. Kwa Warundi, mtoto akiitwa na mzazi wake huitika hivyo, na maana yake ni uishi miaka mingi. Mara ngapi amemsikia Kezimana akimwitikia Concilie, na kumtania juu yake. Aliuachilia mkono wa Kezimana.

“Ni nani?” akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

“Ni baba yangu. Amekudanganya sababu nilimuomba akudanganye. Hakukufa. Alituacha. Yuko Kazimia.”

“Kazimia.”

“Ndiyo.”

“Njia ya boti tu. Na mi napeleka jina yake kwa padri, napiga magoti.”

“Wil.”

“Ile siku nalia kwako juu ya baba yangu. Na we ulikuwa unalia. Ulikuwa unalia nini, Kezi?”

“Nilikuwa nalia yeye. Ungeniuliza alienda wapi, ningesema nini? Kwamba alituona hatufai? Wako alichukuliwa na maji. Wangu alichagua.” Machozi yalimwagika, hakuyafuta. “Nilitaka na mi nikuwe na baba wa kulilia kwa heshima.”

Nadège, aliyeanzisha yote, alikuwa amesimama na vocha zake mkononi, hajui aende ama abaki. Akaenda.

Wilfried akavuta kartoni. Akaanza kutoa vikadi kwenye mifuko, kimoja baada ya kingine, bila hasira ya mikono, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kezimana zaidi.

“Bantu balinunua juu ya hii sura,” akasema. “Balimu, bamama ba chorale ya kanisa. Yatima ba kweli bako kule Lusenda, feza yabo ni ya kweli. Lakini mi nilibeba uongo nikaubandika ku soko nzima. Kesho nitabaambia.”

“Nitabaambia mi.”

“Utabaambia we. Mi nitasimama pembeni.”

“Na samedi?”

“Samedi hakuna ndoa.”

Kezimana akakaa chini kando ya meza. Na ile simu bado ilikuwa wazi mezani, mzee amesikia kila kitu.

“Kijana,” sauti ikatoka. “Musilaumu mutoto. Laumu mi. Mi boti yangu ni kesho, naenda, hamutaniona tena.”

Wilfried akaichukua simu.

“Papa, boti usipande.”

“Sistahili kubaki.”

“Sijauliza kama unastahili. Posa nilipeleka kwa mama peke yake juu balinieleza we ni mufu. Ile posa haina maana kwangu. Samedi tutaenda Lusenda, we na mi na Kezi, nitaomba mara ya pili mbele yako. Mama akitaka kukufukuza akufukuze. Mi nikitaka kumukataa binti yako, nitamukatalia pale, macho kwa macho.”

“Kijana, mi niliacha batoto njiani. Unataka nini na muntu kama mi?”

Wilfried aliinamisha kichwa, na alipoongea ilikuwa kama anaongea na mtu mwingine, aliye mbali.

“Papa, mi baba yangu bakimuokota leo ku ziwa, ata akuwe mubaya kukupita, ata akuwe alinikimbia na bibi kumi, nitamubeba mu mugongo mupaka nyumba. We unapumua na unataka kurudi Kazimia.”

Upande wa pili mzee alilia. Hakujificha.

“Nitabaki,” akasema.

Simu ikakatika. Wilfried akafunga kartoni, akaikaza kamba. Kezimana alisimama, akashika upande mmoja, maana kartoni ile huwa inabebwa na watu wawili.

“Bado nina hasira,” Wilfried akasema.

“Najua.”

“Sijue itaisha lini.”

“Nitangoja.”

Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aachilie mkono wake.

“Shika vizuri, basi.”

Wakaibeba pamoja hadi nyumbani.