Maua Yasiyobeba Boga

Kila asubuhi Kwandu alipita shambani kwake, nje kidogo ya Bariadi, akiwa na ungo. Alichuma maua ya maboga kwa ajili ya mboga. Hakuchuma ovyo. Ua lenye kiboga kidogo chini yake aliliacha. Ua lenye kikonyo chembamba, kitupu, alilikata.

"Haya hayabebi," alimwambia mumewe, Luhende. "Yanakula chakula cha wenzake bure. Kama kaka yako."

Luhende alicheka, akaongeza ugali. Maua yaliyoungwa kwa karanga yalikuwa matamu.

Lakini maboga hayakukua. Yalifika ukubwa wa limau, yakageuka manjano, yakaanguka. Na mahindi yalikuwa yameungua kwa jua mwaka ule. Bila maboga, watoto wangelala njaa.

Kila alipookota kiboga kilichooza, Kwandu alisikia nyuki wakivuma ndani ya maua. Walikuwa nyuki wa jirani yake Nyanjige, mjane mwenye mzinga mmoja.

"Wananyonya maboga yangu mpaka yanakufa!" alisema.

Siku hizo biashara ya pamba ilikuwa imeachwa huria. Dawa ya wadudu wa pamba, ambayo zamani ilitolewa na ushirika, sasa iliuzwa na yeyote, hata kwenye chupa ya soda isiyo na maelezo. Kwandu alinunua chupa moja, akaenda moja kwa moja kwenye mzinga.

Nyanjige alimwona, akatupa jembe.

"Wewe! Una wazimu?"

"Nyuki wako wananyonya maboga yangu, wanaua watoto wangu!"

Wakavutana. Kizibo kikatoka, dawa ikamwagikia mkono wa Kwandu.

Nyanjige alimburuta mpaka kwenye mtungi. Alimmwagia maji, akapaka sabuni, akammwagia tena. Yalikuwa maji yake ya kunywa, aliyoyachota mbali.

"Mjinga! Nyoosha mkono! Ungetuua wote!"

Mdomo ulitukana. Vidole vilikwenda taratibu, kama vya mtu anayeogesha mtoto mchanga. Kwandu aliona hilo, akaunyoosha mkono.

"Sasa twende nikaone hayo maboga yaliyonyonywa," alisema Nyanjige.

Shambani aliuona ungo umejaa maua. Akawaka upya.

"Umeyakata haya yote?"

"Hayabebi, mayu," alisema Kwandu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na mumeo alibeba mimba lini?"

Alichukua ua moja kwenye ungo, akalichana. Katikati palisimama kijiti chenye unga wa njano.

"Hili ni dume. Unga huu ndio chavua." Akainamia ua lenye kiboga. "Hili ni jike. Halina unga. Lina vinundu hivi vinavyonata. Kikombe chake ni kipana, nyuki anaingia mwili mzima kufuata utamu huko chini. Kwenye dume anatoka na unga mwilini. Akiingia kwenye jike, unga unabaki kwenye vinundu. Hapo ndipo kiboga kinakua. Wewe umekata madume yote! Nyuki alete nini?"

"Unanidanganya ili mzinga wako upone."

"Haya!" Nyanjige alipaka unga ule kwenye vinundu. Akachomoa uzi kwenye kanga yake, akafunga kikonyo bila kukaza. "Hili likianguka, njoo uchome mzinga. Na mboga yako, chuma madume jua likipanda, yakishajifunga. Nyuki wanakuwa wamemaliza kazi."

Tangu hapo Kwandu hakukata ua dume lililo wazi. Kila asubuhi alikwenda kuutazama ule uzi, akitamani kukuta kiboga kimeoza ili amuumbue Nyanjige. Hakikuoza. Kilinenepa mpaka uzi ukabana, ikabidi aukate. Vilivyofuata navyo vikanenepa. Shamba likajaa maboga.

La kwanza kukomaa, Kwandu alilikumbatia kifuani. Kichwani alijitwisha mtungi wa maji. Akaenda kwa Nyanjige.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia.

Nyanjige aliinua uso.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

Nyanjige alitazama maji, akatazama boga.

"Kisu kiko ndani," alisema. "Kata vipande vikubwa. Watoto wako umewaacha wapi?"