Unywele Wenye Mizizi Miwili

Kompyuta ile haikuwa na ugomvi na kazi. Ugomvi wake ulikuwa na raha. Mama mwenye nyumba, fundi cherehani, aliweza kukaa mbele yake asubuhi nzima akitafuta mitindo ya magauni, na mashine ikatulia kama mbuzi aliyeshiba. Filamu ya saa tatu iliimaliza yote, mpaka majina ya waliopika chakula cha waigizaji. Lakini binti wa nyumba akifungua gemu lake la vita, robo saa haifiki: feni ya ndani inaanza kuunguruma, inapanda, inapanda, halafu ndani ya sanduku inasikika sauti ndogo, sss, kama ya mtu anayevuta pumzi kwa meno pale kitana kinapokwama kwenye nywele zilizofungana. Kisha, tap. Kioo cheusi.

"Imenifia tena!" binti anapiga ukelele. Ana miaka kumi na mmoja na nyumba nzima inamwita Kamanda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda kutoa amri.

Baba yake alikuwa kinyozi. Tena si kinyozi wa kubahatisha. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliweza kuokota unywele mmoja sakafuni akakwambia umetoka kichwa gani, mwenye kichwa ana umri gani, na kama jana aligombana na mkewe. Mtaani walimwita Profesa, naye hakuwahi kuuliza kama ile ni sifa au kejeli. Shule aliiacha mapema, akidai walimu walikuwa wanamchelewesha.

"Umeme mdogo," alitangaza siku ya kwanza, akahamishia mashine kwenye soketi nyingine. Tap. "Waya umechoka." Akanunua mpya. Tap. "Basi gemu lenyewe bovu." Akalifuta, akaliweka upya, kazi iliyomla siku mbili na adabu zake zote. Tap. Akaileta feni ya mezani akaielekeza kwenye kompyuta ipate ubaridi. Feni mbili zikaunguruma pamoja, na ile ya ndani ikafa kwanza.

Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Profesa, bado kuipigia magoti tu."

"Wewe shona."

"Nashona. Mimi kazi yangu huwa inaisha."

Maneno hayo yalimchoma. Akampigia simu fundi wa kompyuta, yuleyule aliyemuuzia mashine hiyo ikiwa imeshatumika, kutoka kwenye ofisi moja iliyofungwa ghafla.

"Hilo joto, kaka," fundi akasema. "Gemu linaikimbiza mashine, feni imeziba, mashine inajizima isije ikaungua. Fungua ubavu, safisha feni. Ila sikiliza: ukikuta kitu usichokielewa humo ndani, usikiguse. Niletee."

"Mimi? Kitu nisichokielewa?" Kinyozi akacheka mpaka akakata simu kwa bahati mbaya.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo hata nzi wanatafuta pa kulala. Mkewe alikuwa amejilaza chumbani, Kamanda yuko kwa jirani. Kinyozi akafunga pazia, akalaza sanduku mezani, akachukua bisibisi. Skrubu tatu zilitoka bila maneno. Ya nne ilikuwa imezibwa kwa nta nyekundu, na juu ya nta mtu alikuwa amebonyeza kidole gumba. Akaibandua kwa kucha.

Vumbi alilitegemea. Hakutegemea nywele. Zilikuwa zimejizungusha kwenye feni mzunguko juu ya mzunguko, nyeusi, nene, zinang'aa, na kutoka hapo zikapita katikati ya mabati ya kupozea na kuzama chini, mahali ambapo kwa haki ya Mungu hapakuwa na nafasi ya kuzama kitu. Akavuta mmoja. Ulikuwa na joto, na si lile joto la mashine. Lilikuwa joto la kichwa cha mtu aliyetoka kulala.

Mwishoni mwa unywele palikuwa na kitone cheupe. Mzizi. Akaufuata kwa vidole mpaka mwisho wa pili atafute ncha. Akakuta kitone kingine cheupe.

Unywele una mzizi mmoja na ncha moja. Hilo kinyozi hulijua kabla hajajua kushika wembe. Huu ulikuwa na mizizi pande zote mbili, kama kwamba ulikuwa umeota kwa mtu mmoja ukaenda kuotea kwa mwingine. Akacheka peke yake pale mezani, na kicheko chake hakikumpendeza.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo kinyozi peke yake angelifanya. Fundi angeing'oa feni nzima akaweka nyingine. Mtu mwenye akili zake angekimbia. Yeye aliona nywele zimefungana, akachukua mkasi.

Zilipokatika, vipande vilivyobaki ndani vilirudi chini kwa kasi, vuup, kama tambi inayofyonzwa na mtoto mwenye njaa. Alivyokata akavifunga kwenye gazeti, akatupa jalalani, akafuta feni kwa brashi yake ya kunyolea, akafunga skrubu zote.

Jioni ile Kamanda alicheza nusu saa. Akacheza saa nzima. Mashine kimya.

"Kompyuta ni kichwa tu," kinyozi aliwahutubia wateja wake kesho yake. "Ukishajua vichwa, umejua yote."

Jumatatu Kamanda alicheza tangu alipotoka shule mpaka chakula kikapoa. Jumanne hakutaka chakula. Jumatano mama yake akasimamisha cherehani, akanusa.

"Nani anaunguza nywele?"

"Hakuna anayeunguza kitu."

"Mimi na pua yangu tunakwambia kuna nywele zinaungua humu ndani. Tena njoo umtazame mwanao."

Nywele za Kamanda zilikuwa za kufika shingoni. Baba mtu alizijua moja moja. Sasa zilikuwa zimepita mabega, zimepita mgongo, zimelala kwenye kiti alichokalia, na mtoto hakugeuka hata alipoitwa mara tatu.

Wakati huohuo umeme ukakatika. Redio za majirani zikanyamaza kwa pamoja, mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ikakata sauti, na mtaa mzima ukaguna. Ndani mwao kioo kiliendelea kuwaka, feni iliendelea kuzunguka, na kinyozi akajisogeza pole pole kumzunguka binti yake, huku akijiambia kwamba kuna betri mahali fulani, lazima kuna betri, mpaka alipoona kwamba mikono ya mtoto imetulia mapajani, haigusi chochote, na kwamba juu ya kibodi vitu vyembamba vyeusi vilivyoshuka kutoka kichwani mwake vilikuwa vinabonyeza vitufe kimoja baada ya kingine, taratibu, kwa ustadi, kama vidole vya mtu asiye na haraka kwa sababu nyumba ni yake.

"Kinyozi," Kamanda akasema bila kufumbua mdomo sawasawa, kwa sauti nzito, ya kinyongo. "Asante kwa kunikatia kamba. Ila ulinipunguza, nami sisamehi. Ulichokata nakikuza hapa. Zikigusa sakafu, nitakuwa nimetimia, na huyu mdogo hatakuwa na nafasi humu ndani."

Mama akamrukia mwanawe amtoe kitini. Mtoto alipiga yowe ambalo hakuna mama anayepaswa kulisikia, na ngozi ya kichwa chake ikanyanyuka kama turubai linalovutwa. Mama akamwachia. Kinyozi akachomoa waya ukutani. Feni haikupunguza hata mzunguko. Akashika mkasi.

"Kata," sauti ikasema, kwa furaha. "Kata tena, Profesa."

Mkasi ukamtoka mkononi.

"Mpigie mama yako," akamnong'oneza mkewe.

"Mama yangu? Leo ndiyo umemkumbuka?"

Mama mkwe alikuwa msusi. Kwa miaka kumi na mitano kinyozi alikuwa amesema, wazi na mbele ya watu, kwamba kusuka ni njia ya kupoteza mchana wa mtu na kuumiza matako ya mwingine. Mama huyo alifika kabla jua halijazama, na chanuo lake na chupa ya mafuta, akasimama mlangoni, akanusa mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Weka shikamoo yako mfukoni, utaihitaji. Umekata?"

"Nilikuwa nasafisha..."

"Nimeuliza umekata?"

"Nimekata."

Akatikisa kichwa. "Nimesuka vichwa tangu nikiwa msichana. Viwili kati ya hivyo havikuwa vya watu, kwa hiyo nyamaza unisikilize. Jini wa namna hii haendi popote bila nywele zake. Kuna aliyemfunga kwenye hiyo feni. Mashine ikikimbia, inamvuta, naye anaizima ili apumue. Wewe ukaona ni ugonjwa. Kumbe ulikuwa unaangalia kufuli."

"Mwanamke mzee ana mdomo," sauti ikasema kutoka kwa Kamanda.

"Na mikono pia," bibi akajibu, akavuta kigoda, akakaa nyuma ya mjukuu wake. "Mkwe, fungua sanduku. Feni iwe wazi. Mimi nasuka za mtoto, nizitenge. Za huyu mwingine unang'oa, moja moja, kutoka kichwani, unailisha feni. Kukata marufuku. Ukikosea ukang'oa za mtoto ukazitia humo, umempeleka naye. Si ulisema unazijua nywele? Haya."

Mwanzoni ilikuwa rahisi. Zenye ncha ni za mtoto, zisizo na ncha ni za yule jini. Kinyozi alikuwa akifuata unywele kwa kidole mpaka mwisho, anang'oa, anautupia feni, nayo inaunyakua, na sauti inalia sss. Bibi akamaliza msuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mifupi, imebana. Nywele zilizobaki zilikuwa zimebakiza upana wa kiganja kugusa sakafu.

Ndipo yule akajifunza. Nywele zake zikaanza kuota ncha.

"Huo ni wake," sauti ikamwambia kinyozi sikioni, ingawa mdomo wa mtoto ulikuwa mbali. "Huo pia. Unamng'oa binti yako, Profesa. Ulikuwa mjinga shuleni, mjinga dukani kwako, sasa unamuua mwanao mbele ya mama yake."

"Mume wangu, una uhakika?" mkewe akauliza.

Hakuwa na uhakika. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na neno la kujisifu, na wakati mwanga wa dirishani unakufa na harufu ya kuungua inamjaa kooni, na kila unywele aliogusa ukifanana na mwenzake kama pacha na pacha, alifumba macho akaviachia vidole vikumbuke vyenyewe siku zote alizomnyoa mtoto huyu tangu akiwa mchanga, jinsi nywele zake zinavyojikunja kuelekea kushoto, jinsi za kisogoni zilivyo laini kuliko za utosini, jinsi zinavyokataa kitana halafu zinakubali, na zote ambazo vidole havikuzitambua akazing'oa, akazitupa, akang'oa, akatupa, huku feni ikinguruma kama lori linalopanda mlima na sauti ikipanda nayo, kutoka matusi hadi vitisho, kutoka vitisho hadi kuomba, na ilipofikia kuomba bibi akasema kwa ukali, "Usimwonee huruma!", naye akashika fungu la mwisho, akalinusa, halikuwa na harufu ya mwanawe, akaling'oa lote kwa mpigo mmoja.

Sss.

Tap.

Kioo cheusi.

Kamanda akapiga chafya. "Mbona mmenizimia? Nilikuwa nakaribia kushinda."

Mama yake akamkumbatia, akacheka, akalia, akamtukana, vyote kwa pamoja. Kinyozi alifunga skrubu, akaiziba ya nne kwa nta ya mshumaa, na bibi akaweka alama ya kidole chake juu yake. Kompyuta wakaifunga kwenye shuka, wakaisukuma uvunguni.

"Mama," kinyozi akasema, "maneno yangu yale ya kusuka..."

"Nimeyasikia miaka kumi na mitano. Leo yapumzike." Kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akamvuta mjukuu wake, akampakaza mafuta, akaipapasa misuko yake kwa vidole vyepesi, kama msusi anavyokagua kazi kabla ya kumruhusu mtu aende.

Vidole vikasimama nyuma ya sikio.

"Mkwe," akasema, polepole sana. "Nimesuka mingapi?"

"Saba. Nilikuwa nahesabu."

"Na mimi nimehesabu saba." Akainua kitu chembamba kati ya vidole viwili, msuko mdogo, uliobana, mzuri kuliko yote. "Huu wa nane si mkono wangu. Mimi naanzia kichwani naenda nchani. Huu umeanzia nchani."

Walipokuwa wanautazama, ukajisuka pingili moja zaidi kuelekea kichwani.