Sinema Haikai Kimya

Jua lilikuwa linazama pale mama alipomtuma.

"Hebu fika dukani kwa Mzee Kanda ukachukue mkoba wa mdogo wako. Wateja wanataka kusukwa, na vitana vyote vimo humo."

Digrii hakubisha. Jina hilo la utani alipewa na mtaa siku aliyorudi kutoka chuoni amevaa joho, na tangu siku hiyo kazi pekee aliyopata ni kutumwa. Miaka mitatu! Mwenye digrii hutumwa kama asiye nayo, tofauti ni kwamba yeye hutumwa kwa heshima: "Madam graduate, nisaidie ndoo ya maji, please."

Mkoba ulikuwa wa Kengele, mdogo wake, msusi. Cheko la Kengele lilikuwa likifika nyumbani kabla ya miguu yake. Juzi Mzee Kanda alimwita afanye kazi ya ajabu kidogo: kucheka. Mzee alikuwa na sinema ya vichekesho iliyododa ukumbini, watu walitoka katikati wameziba pua kana kwamba harufu inapita kwenye kioo. Sasa anaitoa kwenye diski, watu wakaitazamie majumbani.

"Mtu akiwa peke yake sebuleni anaona aibu kucheka," alimweleza Kengele. "Akisikia wenzake wanacheka, naye atacheka."

Kengele akaenda, akaketi mbele ya maiki, akacheka. Akarudi mdomo uko wazi, mkoba ameusahau hukohuko.

Hana sauti. Hata ya kuomba maji.

"Koo hilo," mama alisema. "Asukutue na maji ya chumvi."

Digrii aliijua sinema hiyo. Alilazimishwa kuitazama na rafiki zake, akavumilia nusu saa. Wanaume wazima wenye vitambi, ndevu zimenyolewa asubuhi hiyohiyo, wamevalishwa kaptula za shule. Wanavuana suruali. Wanajamba. Mmoja anatapika bakulini, mwenzake anakunywa akidhani ni supu. Hiyo ndiyo comedy. Na walioiandika wana ajira.

Kwenye kona alimpita fundi viatu, ameketi kibaoni, mikono mitupu. Zamani cheko lake lilikuwa kama mbuzi aliyepaliwa. Tangu mwaka jana amenyamaza kabisa, na mtaa ukaamua kwamba ni kwa sababu mkewe alimkimbia.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nzi mmoja akatua kwenye ulimi, akatembea taratibu, akatoka. Fundi hakupepesa jicho.

Kisha akamshika Digrii pindo la sketi, akatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Udenda ukamdondokea kifuani.

"Baba, niachie, nachukua mkoba tu," Digrii akasema, akajinasua.

Kabla hajafika dukani… akasikia.

Cheko. Lile linaloanza chini, linapanda, kisha linavunjikia kwenye kwikwi.

Kengele.

Lakini Kengele alikuwa nyumbani, kitandani, na kikombe cha maji ya chumvi.

Dukani hapakuwa na mtu ila televisheni juu ya kaunta. Mwenye kitambi alikuwa anakunywa supu yake. Spika zikacheka. Cheko la Kengele mbele, na nyuma yake, akisikiliza vizuri… mbuzi aliyepaliwa.



"Karibu, mwanangu," sauti ikanong'ona. Mzee Kanda alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, shati jeupe limepigwa pasi, kucha safi. "Umefuata mkoba. Upo huku."

"Shikamoo," alisema, kwa sababu adabu hutangulia hata mbele ya shetani.

"Marahaba. Pita."

Chumba kilinuka mate. Si mate ya mtu mmoja. Mate ya watu wengi, ya asubuhi, yaliyolala kwenye zulia bila dirisha kufunguliwa. Kulikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja cha televisheni, na mkoba wa Kengele sakafuni. Mbele ya kiti ilisimama maiki, imevikwa sifongo.

Sifongo ilikuwa imelowa.

Ilikuwa ya kijivu, ina mishipamishipa kama upande wa chini wa ulimi. Kati ya matundu yake palikuwa na nywele, ukoko wa damu kavu, na kitu cheupe alichokidhania punje ya mchele, mpaka akatambua kwamba ni ncha ya jino. Akainama kuchukua mkoba, shavu lake likaikaribia. Ilikuwa na joto.

Ikavuta pumzi.

"Usiiguse," Mzee Kanda akanong'ona. "Haijashiba."

Digrii alirudi nyuma, matapishi yamemfika kooni. Akayameza. Yakamuunguza.

"Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Mimi? Nilimwambia acheke, akacheka. Alitoa mwenyewe."

"Mrudishie."

"Ninyi wasomi mna haraka. Diski zinatoka kesho. Nikimtoa mdogo wako, pale kwenye supu pabaki na nini? Sinema haikai kimya, mwanangu. Likitoka cheko, linaingia cheko."

Digrii akawaza Kengele amekaa kibaoni kama fundi viatu. Msusi asiye na cheko. Nzi wakitembea.

"Chukua langu," akasema.

Mzee akamtazama, akaguna. "Lako? Wewe mtaa mzima unajua hujacheka tangu uhitimu. Na usilete la uongo. La uongo inalitema."

Akambonyezea sinema.

Suruali zikavuliwa. Digrii akasema, "Ha ha." Sifongo ikajikunja kama konokono aliyemwagiwa chumvi, ikamtemea. Tone zito, la uvuguvugu, chini ya jicho. Akalifuta kwa mkono, na mkono ukanuka pumzi ya fundi viatu.

Mwenye kitambi akajamba kanisani. Hakuna. Akanywa supu. Hakuna, ila kichefuchefu. Angewezaje kucheka? Alijibana mbavu, akakumbuka vichekesho vya utotoni, akamkumbuka mjomba wao aliyefukuzwa na bata. Kitu hicho kilikuwa kinamtazama bila macho, nacho kilijua.

"Imebaki sehemu ya mwisho," Mzee Kanda akanong'ona.

Ya mwisho hakuwahi kuifikia. Ni mahafali. Mwenye kitambi amevaa joho, ndani hana kitu, upepo unalipeperusha. Anaitwa jukwaani. Anakabidhiwa cheti chenye utepe. Ghafla tumbo linamkata. Anakimbia nyuma ya jukwaa, anachuchumaa. Anatazama kulia. Anatazama kushoto. Hakuna karatasi.

Anakitazama cheti.

Digrii alikiona cheti chake mwenyewe, kile mama alichokitia kwenye plastiki na kukitundika juu ya televisheni. Aliziona nakala zake, zile zilizopigwa mihuri, zilizopelekwa ofisi zote za mji huu. Zilikwenda wapi? Nani alizisoma? Zilifanyiwa nini?

Mwenye kitambi akakikunja mara mbili, kwa uangalifu mkubwa, akajifuta.

Hapo kitu kikakatika ndani ya Digrii.

Kilipanda kutoka tumboni, kichungu, na kilipofika mdomoni kilikuwa cheko. La kweli. Alicheka mpaka kamasi zikamtoka, akajichukia, akazidi kucheka. Sifongo ikajinyoosha. Ikamgusa midomo, laini, yenye mate… ikanyonya.

"Ahsante," Mzee Kanda akasema. "Nilijua unalo. Salimia nyumbani."

Alifika nyumbani na mkoba. Mlangoni akamsikia Kengele, cheko limeanza chini, limepanda.

"Si nilisema chumvi!" mama alikuwa anajisifu.

"Dada!" Kengele akamrukia. "Mbona umenuna? Usoni una nini hicho, umelambwa na ng'ombe?"

Digrii alifungua mdomo amjibu.

Mdomo ukabaki wazi.

Siku tatu baadaye, jioni, jirani alikuwa ameinunua diski. Ukuta kati ya nyumba hizo ni mwembamba. Hata ugomvi wao huingia bila hodi. Kengele alikuwa amebandika sikio pale, machozi yanamtiririka.

"Dada, njoo usikie! Huyu anayecheka pale kwenye cheti… anachekesha kuliko sinema yenyewe!"

Simu ya Digrii ikaita. Namba ngeni. Akaipokea.

"Habari ya jioni. Naongea na mhitimu aliyetuletea maombi ya kazi? Samahani kwa kukucheleweshea jibu. Tungependa uje kesho asubuhi kwa usaili. Utaweza kufika?"

Akafungua mdomo. Akasukuma kwa nguvu zote, mishipa ikamtoka shingoni. Udenda ukamdondokea kifuani.

Nyuma ya ukuta, mwenye kitambi akakunja cheti. Cheko likapasuka, chungu, la kweli, likajaa chumba kizima.



"Haloo? Dada… kipi hapo kinachokuchekesha?"