Ndiyo ya Kumi na Tano

Firdausi alikuwa ameinama juu ya mafungu ya nyanya pale Maili Moja, anazibonyeza moja moja, simu ilipotetemeka kwenye mkoba. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne jioni. Alijua ni nini kabla hajaitoa.

Seif ameanguka. Je, Seif yuko salama?

Chini ya maneno hayo palikuwa na sehemu mbili za kubonyeza. NDIYO. HAPANA.

"Dada, unanunua au unazikamua?" muuza nyanya akamuuliza.

"Nachagua."

"Chagua basi, siyo unazipima mimba."

Firdausi alicheka, na huku anacheka kidole gumba kikabonyeza NDIYO. Simu ikarudi kwenye mkoba. Ilikuwa mara ya kumi na tano.

Mara ya kwanza hakucheka. Mara ya kwanza, siku ishirini na tatu nyuma, alibonyeza NDIYO kwa kukosea, akampigia Seif mara tisa bila kumpata. Baada ya saa nzima kaka yake akapokea akiwa mzima. "Sijaanguka mimi. Itakuwa shimo tu. Barabara ya Maneromango unaijua." Mara ya pili, shimo. Mara ya tatu, shimo. Kufika mara ya tano alikuwa haachi hata kumenya vitunguu. Anabonyeza, anaendelea.

Na programu yenyewe aliichagua yeye. Seif alikuwa anasambaza chanjo za kuku kwa pikipiki, kasha la barafu limefungwa nyuma ya kiti. Asubuhi Mlandizi, mchana Kisarawe, jioni Maneromango, halafu anageuza kurudi Kibaha. Kilomita mia mbili na zaidi kwa siku. Firdausi, mtunza kumbukumbu wa zahanati mwenye shahada ya takwimu, alikuwa halali mpaka asikie mlio wa ile pikipiki uani. Basi akachukua daftari, akajaribu programu tatu za kufuatilia safari, wiki moja kila moja. Ya kwanza ilichora ramani nzuri lakini ilikula bando. Ya pili ilimaliza chaji kabla ya adhuhuri. Ya tatu ilitunza safari hata pasipo mtandao, ikatambua mtu akianguka, ikamuuliza ndugu yake. Akachagua ya tatu.

"Kwa hiyo mimi ndiye mbuzi," Seif alimwambia siku anamwekea kwenye simu, "na hii ndiyo kengele."

"Mbuzi ana nafuu. Hazimi simu."

Jioni hiyo alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, akaweka nyanya, akafungua daftari. Kila tukio alikuwa analiandika, tarehe na saa, hata la uongo. Akafungua ramani ili aongeze la leo, na kwa mara ya kwanza akaziangalia nukta zote kwa pamoja.

Zilikuwa nukta kumi na tano. Aliiona moja.

Akaikuza ramani. Akaikuza tena. Zote zilikaa pamoja, zimebebana, kwenye bonde moja katikati ya Kisarawe na Maneromango, mahali ambapo ramani haina jina.

Simu ikaita. Seif.

"Kaka?"

Alisikia mtu anapumua. Pumzi nzito, ndefu... na hazikuwa za Seif. Kisha:

Pu.

Kitu kizito kwenye mwili wa mtu. Na hapo ndipo aliposikia sauti ya kaka yake, sauti ya mtu anayevunjwa.

Aliita, akaita tena. Simu haikukatwa. Akairudia ile programu abonyeze HAPANA. Sehemu za kubonyeza hazikuwepo tena. Palikuwa na maneno mawili tu: Jibu limepokelewa.

Alikuwa na kitochi cha zahanati, simu ndogo ya vitufe. Akatafuta kwenye daftari la wateja la Seif, alilozoea kuliacha nyumbani, jina na namba ya mteja wa mwisho. Bi Mwamini, Maneromango, vifaranga mia mbili.

"Shikamoo bibi. Mimi mdogo wake Seif wa chanjo."

"Marahaba mwanangu. Kaondoka hapa kitambo, na kala kashiba."

"Bibi, ameanguka. Kuna mtu anampiga. Namsikia."

Upande wa pili kuku walilia kidogo, wakanyamaza.

"Pale bondeni? Penye mianzi?"

"Nafikiri ni hapo."

"Umeulizwa?"

"Kuulizwa nini, bibi?"

"Nisikilize. Huku kwetu jua likizama tunahesabiana kwa macho ndipo mlango ufungwe. Yupo anayepita kuuliza, watu wa humu mmetimia? Ukisema tumetimia, na mwenzenu kalala njiani, basi umempa. Kwetu anakuja mlangoni. Nyie huko mjini sijui anawajia wapi."

Firdausi aliitazama simu yake kubwa, iliyolala mezani karibu na nyanya.

"Umemjibu mara ngapi?"

"Kumi na tano."

Bi Mwamini alivuta pumzi. "Basi atampiga mapigo kumi na tano. La mwisho ni la kichwa. Mimi miguu hainifikishi, na hata ningefika hanisikilizi, anamsikiliza mwenye mtu. Uje mwenyewe, usimame mbele yake, useme mmepungukiwa. Umeshasikia mangapi?"

"Moja."

Pu.

"Mawili," Firdausi akasema.

Alitazama saa. Dakika saba kamili kutoka la kwanza. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani, hata hakuitaka. La kumi na tano lingeanguka saa mbili na dakika kumi na nane.

Uani, Laurean alikuwa anafuta matope kwenye pikipiki yake. Huyu alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, kijana wa Karagwe, bodaboda wa kituo cha Maili Moja. Alizoea kumwita Firdausi dokta kwa sababu ya ile shahada yake.

"Nipeleke Maneromango."

"Saa hizi, dokta? Una mgonjwa au una mchumba?" Kisha akauona uso wake. Akatupa kitambaa, akawasha.

Walishika njia ya Kiluvya. Firdausi alikuwa ameziba sikio moja kwa waya wa kusikilizia simu, mkono mmoja umeng'ang'ania jaketi la Laurean. La tatu lilianguka wakiwa bado barabara kuu, kati ya malori. La nne. La tano. Alianza kuzitofautisha sauti. Mti kwenye nyama ulikuwa na mlio wake. Mti kwenye mfupa ulikuwa na mlio mwingine, mkavu, na baada yake Seif alikuwa hapigi kelele mara moja. Alikuwa anakaa kimya kwanza... ndipo sauti inamtoka.

La nane walilipokea Kisarawe mjini. Watu walikuwa wanakunywa kahawa barazani, taa zinawaka, redio inacheza. Kisha lami ikaisha.

"Ongeza mwendo, Laurean."

"Nikiongeza tutakuwa wagonjwa watatu."

"Ongeza."

Baada ya la kumi Seif aliacha kupiga kelele. Akaanza kuongea. Maneno yalimtoka yakiwa na maji ndani yake.

"Firda... sema hapana. Sema hapana, Firda."

"Hapana," alipiga ukelele kwenye waya. "Hapana, hapana, nasema hapana."

Hakusikika. Akaitazama simu kuona kama sauti imefungwa, na hapo akaona kitu ambacho mtu wa kuandika kila kitu alipaswa kukiona tangu wiki ya kwanza. Juu ya kioo palikuwa patupu. Mtandao hakuna. Seif mwenyewe alikuwa amemwambia, kule bondeni hata kupiga hupati. Na maswali yote kumi na tano yalikuwa yanamfikia palepale, dakika ileile Seif anapoanguka.

Pu. Kumi na mbili.

Pu. Kumi na tatu.

Pikipiki ya Seif waliikuta saa mbili na dakika kumi. Ilikuwa imelala ubavu, taa bado inamulika vumbi. Kasha la barafu lilikuwa limepasuka. Helmeti ilikuwa kando ya barabara, imevunjika kama ganda la nazi, na ndani yake kulikuwa na meno. Firdausi aliyahesabu. Hakuweza kujizuia. Yalikuwa manne. Toka pale, mburuzo mpana wenye unyevu uliteremka kwenye mianzi.

Harufu ikamjia. Nywele zilizoungua na jivu lililomwagiwa maji.

"Dokta, tuite watu," Laurean alinong'ona.

"Baki na taa."

Pu... Safari hii hakuisikia kwenye waya. Aliisikia chini ya miguu yake.

Kumi na nne.

Alishuka kwa makalio, mianzi inamchana mikono, mwanga wa simu unaruka. Chini kabisa palikuwa peupe, pamefagiwa kama ua wa nyumba. Seif alilala chali. Mkono wake mmoja ulikunjika mahali pasipo na kiungo. Damu ilikuwa imemjaa usoni hata macho hayakuonekana, mdomo tu ndio uliokuwa unafunguka na kufungika, kama wa samaki. Na juu yake palikuwa na mtu amechuchumaa, mgongo umemwelekea Firdausi. Mgongo mrefu. Ulikuwa mrefu mno kwa mtu aliyechuchumaa.

Mkononi alishika mchi wa kutwangia.

Akasimama taratibu. Akasimama, akasimama, hakumaliza kusimama. Mchi ukapanda mpaka ukapotea kwenye giza la mianzi.

Firdausi alifungua mdomo.

Mchi ukaanza kushuka.

"Tumepungukiwa."

Ilitoka kama kikohozi. "Tumepungukiwa. Hatujatimia. Huyu ni Seif wa Kitwana, mama yake Salama, kaka yangu. Ni wetu."

Mchi ulisimama juu ya paji la uso la Seif. Ulisimama karibu kiasi kwamba nywele zake zilitikisika kwa upepo wake.

Kile kitu hakikugeuka. Kiliongea kikiwa kimempa mgongo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Firdausi. Sauti yake mwenyewe, ile ya upole anayopokelea simu zahanati.

"Na yule wa juu?"

Kule barabarani Laurean alikuwa anaita, "Dokta? Umempata?"

Firdausi hakuwahi katika maisha yake kujaza fomu kwa jambo asilokuwa na hakika nalo. Aliulizwa, akajibu lililo kweli.

"Ni jirani," alisema. "Mpangaji mwenzetu."

Mchi ukashushwa chini polepole, kama wa mtu aliyemaliza kutwanga kwa siku hiyo. Alipopepesa macho hapakuwa na mtu. Ilibaki harufu.

Laurean ndiye aliyembeba Seif mgongoni mpaka juu. Laurean ndiye aliyewafunga wote wawili kwa kanga kwenye kiti chake, Seif katikati, akaendesha mpaka hospitali, damu ya mtu mwingine inamtiririka shingoni.

Daktari wa zamu alimwita Firdausi pembeni kabla ya alfajiri. Alikuwa mpole, na upole wenyewe ulikuwa na kitu ndani yake.

"Kwenu nani anampiga huyu?"

"Ameanguka leo, daktari. Na pikipiki."

"Leo kaumia mara moja. Mengine ni ya zamani. Huu ubavu umeshaanza kuunga. Mkono huu una kama siku kumi. Hayo ya zamani nimehesabu kumi na manne, na hakuna mawili ya siku moja. La zamani kabisa lina wiki tatu na kitu." Alimtazama. "Mtu hapandi pikipiki na ubavu umevunjika, dada. Kuna anayejua."

Firdausi alitoa daftari kwenye mkoba, akaangalia ile safu ya tarehe, akalirudisha.

Siku ya nne Seif aliongea. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, sauti imebaki nusu.

"Nilikuwa naanguka kweli, Firda. Kila siku ile. Ananiweka chini, anauliza. Nakusikia unajibu ndiyo. Halafu najikuta juu ya pikipiki naendesha, nimesahau kila kitu, sina hata mkwaruzo."

"Sikujua, kaka."

"Najua hukujua." Akageuza uso ukutani. "Siku ya mwisho ulikuwa unacheka."

Ile programu aliifuta. Simu yenyewe aliivunja kwa jiwe uani, akanunua kitochi kingine. Kila jioni kabla ya jua kuzama alikuwa anakaa kando ya kitanda cha Seif, anamtazama kwa macho, mtu mzima kabisa yuko mbele yake, na ndipo anapumua.

Siku ya kumi na mbili Laurean alipita wodini na chupa ya uji, koti la mvua bado mwilini. Alikuwa na abiria wa Mlandizi anamsubiri getini.

"Dokta, wewe kumbe una siri," alisema, anamimina uji. "Mama kanichekesha jana. Kumbe unampigia."

"Nampigia nani?"

"Mama yangu, Karagwe. Anasema yule dada wa Kibaha ana adabu, anaamkia vizuri, sauti laini. Kila jioni anapiga kuuliza kama mimi nimefika salama. Mama naye anamwambia ndiyo, kafika. Mwenyewe niko barabarani huko." Akacheka. "Namba umeitoa wapi, wewe?"

Firdausi aliweka kikombe chini. Dirishani jua lilikuwa limeshagusa paa la jengo la pili.

"Laurean, amesema kila jioni?"

"Kila jioni. Tangu siku ile ya Seif."

"Nipe simu yako. Mpigie sasa hivi. Mpigie mwambie akiulizwa aseme hapana, aseme hujafika."

"Dokta, kwani kuna nini?"

"Mpigie."

Laurean alibonyeza jina la mama yake, akaweka simu sikioni huku anamtazama kwa tabasamu la mtu anayesubiri kuelezwa utani. Alisubiri. Tabasamu halikuondoka.

"Anaongea na mtu," akasema. "Inatumika."