Aliyefyeka Upande wa Pili

Jua lilikuwa limebaki kidogo nilipochukua fyekeo nikamalizie nyasi za nyuma ya zizi. Nilikuwa nimezifyeka Jumatatu. Alhamisi zilinifika kiunoni.

Usiniulize ni nyasi gani hizo. Tangu tumzike baba, miezi minne nyuma, shamba lile lilikuwa linanikomoa. Mashine ya kukatia nyasi ilikufa wiki ya kwanza. Kaka yangu, mwalimu mkuu huko mjini, aliahidi kuleta nyingine, akaishia kuleta salamu. Mimi ndiye niliyeacha cherehani yangu nikaja kumgeuza baba kitandani miaka mitano, kumlisha, kumwosha. Na kila asubuhi baba alikuwa na swali moja tu: kaka yako amefika?

Hakuwahi kuniuliza kama nimekula.

Basi nikafyeka. Malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani, nikayafunga matambara. Nilipofika katikati nikasimama kuvuta pumzi.

Fyaa...

Fyekeo langu lilikuwa limetulia mkononi.

Fyaa... fyaa...

Kuna mtu alikuwa anafyeka upande wa pili, ndani ya nyasi ndefu, anakuja kwangu. Nikadhani ni jirani, fundi matofali, kanionea huruma. Nikamwita. Ikaja harufu, na haikuwa ya majani mabichi. Ilikuwa ile dawa ya kuchua niliyokuwa nikimpaka baba mgongoni. Nyasi zilikuwa zinalala chini, mkato baada ya mkato, na mkono sikuuona.

Zikabaki hatua tatu.

"Kaka yako amefika?"

Niseme kweli, kilichonishika hakikuwa woga. Ilikuwa hasira. Hata kutoka kaburini, bado anamtaka kaka tu.

"Hakai hapa," nikanong'ona. "Yuko mjini. Mfuate."

Nikamwelekeza. Barabara, mtaa, nyumba yenye geti la bluu.

Nyasi zikatikisika mpaka kwenye uzio, zikatulia.

Kesho yake nilimuuliza jirani. Akasema alishinda kitandani na homa. Nyasi hazikuota tena, na kwa wiki tatu nililala fofofo.

Ndipo wifi akapiga simu. Ua wao wote ni saruji, lakini nyasi zimeipasua, sasa zinaota hadi chini ya kitanda. Kaka hali chakula, hatoki nje. Ndugu wamekaa kikao, wamekubaliana kwamba mchawi ni mimi. Sikubishana naye. Niliomba tu nizungumze na kaka.

Sauti yake ilikuwa imekauka. Aliniambia kila jioni kuna mtu anafyeka chini ya dirisha lake, halafu anasimama na kuuliza.

"Anauliza nini tena?" nikasema. "Si amekupata?"

"Haniulizii mimi, mdogo wangu. Anauliza kama wewe umefika."

Nikatafuta pa kukaa. Miaka mitano nilikuwa mbele ya macho ya baba...

"Ukamjibu nini?"



"Nimemwambia uko nyumbani."

Hiyo ilikuwa jana. Leo nimeoga mapema, nimeuacha mlango wa nyuma wazi, nimekaa kizingitini. Jua linazama, na sijui kama ninaogopa au ninamngoja.