Konstebo na Gari la Vioo Vyeusi

Konstebo alimshuku kila mtu. Hata mumewe, fundi cherehani, akichelewa kuitikia salamu, alimuuliza, "Unaficha nini?"

"Sindano mdomoni, mke wangu," mumewe alijibu, wakacheka.

Barabarani hakukuwa na kicheko. Asubuhi moja alisimamisha pikapu penye kona. Alisimama mbele yake, akafoka, "Toa leseni! Haraka!"

Dereva, muuza magodoro, aliinama ghafla, mkono chini ya kiti.

"Anatafuta silaha huyu!" Konstebo akachomoa rungu. Dereva naye akapata kiwewe. Mguu ukateleza kutoka kwenye breki, pikapu ikasogea. Konstebo akarukia mtaroni, goti likachubuka. Kumbe chini ya kiti palikuwa na leseni iliyodondoka.

Kituoni, Sajini, mama wa makamo, alimfunga bandeji.

"Shaka si kosa, mwanangu," alisema. "Kosa ni kuiacha ikutangulie."

"Sasa nifanyeje, afande?"

"Msimamishe dereva mahali peupe, si penye kona. Usikae mbele ya gari. Mwambie azime injini, avute breki ya mkono. Simama nyuma kidogo ya mlango wake, uione mikono. Salimia, jitambulishe, sema kosa lake. Na uulize leseni iko wapi kabla hajaifuata."

"Akiwa mkali je?"

"Moto hauzimwi kwa moto. Shusha sauti. Ukiona hatari, rudi nyuma, ita wenzako."

Siku ya tatu likaja gari dogo la vioo vyeusi, taa moja ya breki imekufa. Konstebo alilielekeza pembeni, penye nafasi. Dereva aliposhusha vioo, kiti cha nyuma alionekana mtu amelala, amejifunika gubigubi. Konstebo akawaza: Hapa kuna jambo!

Akasimama nyuma kidogo ya mlango. "Habari za asubuhi, dada." Akataja jina na kituo chake. "Nimekusimamisha kwa sababu taa yako ya breki haiwaki. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mikono juu ya usukani."

"Mmezoea kutuonea tu," dereva alinung'unika, lakini akatii.

"Leseni iko wapi?"

"Kwenye mkoba, hapa pembeni."

"Subiri kwanza. Nani yule nyuma?"

"Baba yangu. Ametoka kupasuliwa jicho. Mwanga unamuumiza."

"Shikamoo, mzee. Naomba ufunue uso, taratibu."

"Marahaba." Blanketi likashuka. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji.

Konstebo akashusha pumzi. "Haya dada, toa leseni polepole." Akaikagua, akairudisha. "Mfikishe mzee nyumbani, kisha taa itengenezwe leo hii."

"Nitatengeneza. Kusema kweli, nilidhani unataka kunionea."

"Na mimi nilidhani umeficha mtu."

"Basi," mzee akasema kutoka nyuma, "hapa mwenye jicho zima nilikuwa mimi peke yangu."

Wote watatu wakaangua kicheko, barabarani palepale.