Silikoni ya Dirishani

Kila asubuhi Fundi Vioo alivalishwa soksi na mkewe. Hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikuwa na mgongo mbovu tu. Miaka ishirini na miwili alibeba vioo begani, akapanda navyo ngazi za watu, mpaka siku moja mgongo ulikataa. Tangu hapo kuinama ilikuwa safari.

"Mguu," alisema mkewe.

Akatoa mguu.

"Huo nimeshauvisha. Toa wa pili."

Ilikuwa Jumatatu, na wote wawili walikuwa wamechoka kabla siku haijaanza. Kazi yao ilikuwa moja. Mke alipima na kukata vioo kwenye meza kubwa uani. Vidole vyake havikukosa plasta. Mume alivipeleka kwa wateja na kuvifunga. Katikati ya meza ile na madirisha ya watu ilikuwepo pikapu.

Pikapu ilikuwa kuukuu, lakini ubavuni ilikuwa na fremu ya mbao iliyolala kidogo, imefunikwa vipande vya zulia. Kioo kiliteleza kutoka mezani mpaka kwenye fremu bila mtu kukibeba. Daktari alishamwambia Fundi Vioo bila kuzunguka: ukirudia kubeba begani, mwaka mmoja tu, halafu utakuwa mtu wa kitandani. Basi pikapu ndiyo ilikuwa mgongo wake.

Na sasa pikapu ilitaka kufungiwa. Kituo cha ukaguzi wa magari kilikuwa kimeipima moshi mara mbili, na mara mbili imeshindwa. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Ikishindwa tena, inavuliwa namba na haiingii barabarani.

Shida ilianza na taa ya injini kwenye dashibodi, taa ndogo ya njano. Ilipowaka mara ya kwanza, alikwenda kwa fundi magari wa pale kona, ambaye mtaa mzima ulimwita Chapchap kwa namna alivyofanya kazi. Chapchap alichomeka mashine yake ya kupimia. Mashine ikaandika kwamba ubaya uko kwenye sensa ya oksijeni. Akaifungua, akafunga mpya, taa ikazimika. Baada ya wiki tatu ikawaka tena. Mashine ikasema vilevile. Sensa ya pili ikafungwa. Wiki tatu nyingine, taa hiyo hapo.

Fundi Vioo alichukua kipande cha utepe mweusi, akakibandika juu ya taa. Alisema hataki kukodolewa macho na gari lake mwenyewe. Kisha akamsema Chapchap kila alipopata mtu wa kumsikiliza: anauza sensa za kuchezea watoto.

Jumatatu hiyo alikuwa na kioo cha dirisha la jikoni kwa jirani yao, nyumba ya tatu. Jirani huyo alifundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi, na wote walimwita Mwalimu. Alifungua mlango akiwa na rundo la karatasi za mtihani kwapani. Macho yake yalionyesha kwamba hajalala vya kutosha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pikapu yako inanuka petroli, baba. Inakunywa sana?"

Alijibu kwamba inakunywa kama imetoka jangwani. Huku akifunga kioo alimweleza habari yote: taa, Chapchap, sensa mbili, Ijumaa. Alipomaliza, alikamua silikoni, gundi yake ya kuzibia, kuzunguka kioo, mstari mmoja usiokatika, kisha akaulainisha kwa dole gumba. Harufu kali kama ya siki ilijaa jikoni. Mwalimu aliutazama ule mstari akasema ni kazi safi.

Fundi Vioo alisema sensa ya tatu anayo tayari ndani ya gari, na kesho Chapchap ataifunga.

"Usilifungue boksi," Mwalimu alisema. "Kesho nikitoka chuoni nitapita kwenu. Gari lisiwashwe kabla sijafika."

Jumanne alasiri alikuja na mkoba wa vifaa na karatasi zake za mtihani. Kwanza aliamuru pikapu isukumwe kutoka bandani mpaka uani, kwenye hewa. Moshi wa gari, alisema, unaua mtu ndani ya chumba kabla hajajua anakufa. Mke wa Fundi Vioo alisukuma, Mwalimu alisukuma, Fundi Vioo alishika usukani na kuona aibu.

Mke aligeuza ndoo akaikalia. Aliuliza hiyo sensa ni kidude gani hasa, maana ameisikia miezi mitatu na hajawahi kuambiwa.

Mwalimu alieleza taratibu. Injini huchoma petroli kwa hewa. Kinachobaki hutoka kwa bomba la moshi. Sensa imekaa ndani ya bomba hilo, inanusa oksijeni iliyobaki. Ikibaki nyingi, maana yake petroli ilikuwa kidogo, na kompyuta ya gari huongeza. Ikibaki kidogo, petroli ilizidi, na kompyuta hupunguza. Hivyo hivyo, kutwa nzima.

"Kama mtu anayeonja mchuzi," alisema mke.

"Hasa. Sasa ulimi wake ukifa ganzi, chumvi itamwagika tu. Ndiyo maana petroli inakwisha na moshi unanuka."

"Lakini mashine ilisema ni sensa," alisema Fundi Vioo.

"Mashine imesikia kelele upande huo wa nyumba. Haijui nani kampiga nani. Lazima mtu aingie aangalie."

Akaingia. Alifuata waya za sensa kwa vidole mpaka kwenye plagi yake, akitafuta palipoungua au kukatika. Zilikuwa nzima. Aliangalia fyuzi, nayo ilikuwa nzima. Ndani ya sensa, alisema, kuna kikanza kidogo cha kuipasha joto, kwa sababu ikiwa baridi hainusi kitu. Alichomoa plagi, akagusa pini mbili kwa mita ya umeme. Mita ikaonyesha omu chache, yaani umeme una njia ya kupita. Kikanza kilikuwa hai. Kingekuwa kimekatika, mita isingeonyesha njia kabisa.

Alirudisha plagi, injini ikawashwa ikiwa bado baridi. Mwalimu alipitisha kiganja karibu na maungio ya bomba, bila kugusa, akisikiliza. Tundu mbele ya sensa huvuta hewa ya nje, na sensa hudanganywa. Watu wengi hutupa sensa nzima kwa sababu ya tundu. Hapakuwa na tundu.

Dakika kumi injini ilinguruma mpaka ikapata moto. Mwalimu alichomeka mashine yake. Hakusoma namba ya kosa kama Chapchap. Alifungua sehemu inayoonyesha sensa inasema nini wakati uleule, akawaita watazame. Ikiwa na afya, alisema, inapanda na kushuka bila kutulia, kutoka karibu volti sifuri nukta moja mpaka sifuri nukta tisa, mara kadhaa katika sekunde kumi. Akamwambia Fundi Vioo akanyage mafuta kwa ghafla na kuachia. Namba ilipaswa kuruka. Ilijikokota kwenda juu, ikapumzika njiani, ikajikokota kurudi.

"Kama mzee anayepanda ngazi," alisema mke.

"Mimi usinitaje," alisema Fundi Vioo kutoka kwenye usukani.

Mwalimu aliangalia na sensa nyingine, ile iliyo nyuma ya kichujio cha moshi, kile mafundi wanachokiita masega kwa sababu ndani kina vitundu kama vya nyuki. Hiyo ya nyuma haitakiwi kurukaruka. Ilikuwa imetulia. Alisema hiyo ni habari njema: masega bado yanafanya kazi. Ila petroli ikiendelea kuzidi, yataungua, na hapo ndipo watalia kwa kweli.

Mke alifikiri kidogo. "Kwa hiyo sensa ya mbele imekufa. Chapchap alisema kweli."

"Alisema kweli mara tatu. Hilo ndilo linalonisumbua, mama. Sensa hukaa miaka. Hizi zinakaa wiki tatu. Kuna kitu ndani ya gari hili kinaziua, na hata ile iliyo kwenye boksi kinaisubiri."

Alizima injini. Bomba lilikuwa na moto wa kuchuna ngozi, hivyo wakangoja. Mke alileta chai. Mwalimu alisahihisha karatasi nne juu ya meza ya vioo, akipiga miayo. Fundi Vioo alikaa akiwaza ngazi. Aliziona zote, za ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na yeye chini yake na kioo begani.

Bomba lilipopoa, Mwalimu alifungua sensa kwa spana, akafuta mikono kwanza kabla hajaishika, akaileta mwangani. Aliwaambia wasitazame kingine, watazame ncha. Ncha ikiwa na masizi meusi, petroli imezidi. Ikiwa ya kahawia na yenye utelezi, injini inachoma oili. Hii ilikuwa nyeupe, kavu, kama imechovywa kwenye unga.

Mwalimu aliiweka sensa mezani. Alichukua tochi akainamia injini. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Njoo, baba. Huu mkono naujua. Jana ulipita dirishani kwangu."

Kuzunguka mfuniko wa juu wa injini ulikuwepo mstari wa silikoni, usiokatika, umelainishwa kwa dole gumba.

Masikio ya Fundi Vioo yalipata moto. Ni kweli, alisema. Oili ilikuwa ikivuja pale. Aliona hakuna haja ya kumsumbua fundi kwa kitu anachokijua mwenyewe, maana kuziba ndiyo kazi yake. Na kila oili ilipoanza kuchungulia, alikuwa akiongeza mstari mwingine. Hakumwambia Chapchap. Hakumwambia hata mkewe. Kwa kweli alijivunia.

Mwalimu alieleza bila kumkemea. Silikoni ya madirisha hutoa mvuke, ndiyo ile harufu ya siki na mwingine usio na harufu. Chini ya mfuniko ule kuna kijibomba kinachovuta mvuke na kuurudisha ndani ya injini uchomwe. Silikoni ikichomwa huwa vumbi jeupe laini sana. Vumbi hilo huganda kwenye ncha ya sensa, na sensa hainusi tena.

"Vumbi la namna gani?" aliuliza mke.

"Ni ndugu wa mchanga. Ni ndugu wa kioo, ukitaka."

Mke alimtazama mumewe, akatazama ile ncha nyeupe, akamtazama tena.

"Baba wee," alisema polepole. "Umeifungia pua dirisha."

Fundi Vioo alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Akacheka mpaka mgongo ukamkatisha.

Jumatano alikwenda kwa Chapchap. Njia ilikuwa fupi na ilimchosha. Alimwambia yaliyotokea, na kwamba yale aliyoyasema mtaani hayakuwa ya haki. Chapchap alijikuna shingo. Akasema naye ana lake: sensa mbili zile alizifungua akazitupa bila kutazama ncha. Angetazama mara moja tu, wasingefika hapa.

Wakafanya kazi pamoja uani. Chapchap alifungua mfuniko. Mke ndiye aliyekwangua, maana hakuna aliyemshinda kwa kukwangua fremu za zamani. Alitumia kipande cha plastiki kisichochuna chuma, na kila kibanzi alikidaka kwenye kitambaa kisije kikaangukia ndani. Walisafisha kile kijibomba, wakamwaga oili ya zamani na kutia mpya. Kisha Chapchap alifunga gasketi mpya ya kuziba mfuniko, ile iliyotengenezwa kwa gari hilo, bila gundi yoyote. Mwalimu alikuwa ameacha maagizo: siku watakapohitaji gundi ya injini, wasome kopo, na wachukue ile tu iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa.

Mwisho kabisa boksi likafunguliwa. Chapchap aliifunga sensa ya tatu bila kugusa ncha yake, akafuta kosa kwenye mashine. Akamwambia Fundi Vioo aliendeshe gari siku mbili hizo, kompyuta ijifunze upya.

Ijumaa, kwenye kituo cha ukaguzi, alikuwa wa kumi na nne kwenye foleni. Mkaguzi aliingiza kijiti cha mashine ndani ya bomba la moshi na kumwambia akanyage, ashikilie. Fundi Vioo akashikilia. Alitazama mbele, kwenye ule utepe mweusi wa dashibodi, akasikia mashine ikichapa karatasi.

Mkaguzi aliisoma kama anavyosoma zote, akagonga mhuri.

"Inapita. Sogeza, baba, kuna watu nyuma."

Akasogeza. Nje ya geti alisimamisha gari, akaubandua utepe kwa ukucha. Chini yake palikuwa safi kuliko dashibodi yote, na hapakuwa na taa iliyowaka.

Mchana alipeleka vioo sita. Vyote viliteleza kutoka mezani mpaka kwenye fremu, na begani hakuweka kitu. Alipita kwa Mwalimu kumpa habari, akamkuta amesinzia juu ya karatasi zake, akaona amwache. Jioni mkewe alikuwa na kalamu ya wino mzito mkononi. Mirija yote ya silikoni ilikuwa imepangwa mezani, na kila mmoja ameuandika kwa herufi kubwa: DIRISHA TU.

"Imepita?" aliuliza.

Fundi Vioo aliitikia kwa kichwa, akakaa kitini. Mkewe alifunga kalamu, akapiga magoti, akamvua soksi.

"Toa wa pili," alisema.

Mguu haukuja. Fundi Vioo alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Mkewe aliutazama ule mguu, akauacha na soksi yake.